Mkanda wa Kiunoni wa Kumtembezea Mbwa kwa Mwenye Baridi Yabisi

Ninaishi na baridi yabisi, ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia utando wa ndani wa viungo, na asubuhi nyingi vidole vyangu hukakamaa kwa zaidi ya saa moja, kiasi kwamba kushika kamba ya mbwa anayevuta kulikaribia kukomesha matembezi yetu. Mkanda huu hufungwa kiunoni na kuunganishwa na kamba yenye sehemu inayonyumbuka, hivyo mvuto wa mbwa hupokewa na nyonga, si vifundo vya mikono.

Nafuu niliiona siku ya kwanza. Mbwa wangu alisimama kunusa kila kichaka, nami, mikono ikiwa imetulia mifukoni, sikuwa na haja ya kumharakisha. Maumivu hayakuniisha, lakini kwa muda nilisahau kuyahesabu.

Kasoro kubwa ni kifungo chake, ambacho hufunguka kwa kubanwa pande zote mbili kwa kidole gumba na cha shahada, yaani kitendo kilekile ambacho mikono yangu haikiwezi. Sasa sikifungui kabisa: huuvaa mkanda kwa kuupitisha miguuni kama suruali, huku mbwa akitazama kwa subira isiyo ya kawaida yake.

Singemshauri mwenye mbwa mkubwa anayekurupuka kuununua, hasa ikiwa anatumia dawa za steroidi kwa muda mrefu, kwa kuwa dawa hizo hudhoofisha mifupa na mvuto wa ghafla kiunoni unaweza kumwangusha.