Mwaka wa kwanza chuo, mzigo ni mzito kuliko mnavyoambiwa

Nimemaliza mwaka wa kwanza wa digrii hapa Dar, masomo mazuri na walimu wengi wanafundisha vizuri sana, ila mzigo jamani! Krediti moja ni masaa 10 na mwaka una krediti 120, yani masaa 1,200, lekcha ni sehemu tu, mengine unajisomea mwenyewe usiku. Kwetu kozwek (kazi na majaribio ya katikati ya muhula) ni alama 40, UE (mtihani wa mwisho wa chuo) 60. Kilichoniuma ni mahudhurio, chini ya asilimia 75 huingii kwenye mtihani, sasa karatasi tuliyosaini ikapotea nikahangaika wiki nzima ofisini kuthibitisha nilikuwepo darasani. Wadogo zangu mkisaini pigeni picha. Na madesa (notsi) ya kurithi kwa waliotangulia msiyategemee, sap nyingi (mitihani ya kurudia ukifeli) zinatokea hapo.