Stelingi na adui kabla hawajawa stelingi na adui

Sisi tuliokulia kwenye vibanda vya video tulijua mambo mawili tu: stelingi hafi, na adui ni mbaya kwa sababu ni adui. Ametoka wapi, hakuna aliyeuliza. Ndiyo maana nikaagiza komiki mbili za DC, kampuni ya Marekani yenye Batman, zinazorudi nyuma, Batman: Year One na The Killing Joke. Zilikaa njiani wiki tano, na moja ikafika pembe ya jalada imekunjika kama sikio la mbuzi. Nikamwandikia muuzaji, kimya. Basi.

Year One, ya mwaka 1987, kaandika Frank Miller, kachora David Mazzucchelli. Nilidhani ni ya Bruce Wayne, yaani Batman mwenyewe, kumbe mwenye kitabu ni Jim Gordon, polisi aliyehamia mji wa Gotham na kukuta wenzake wanakula rushwa mchana kweupe. Anakataa kula nao, wanamvizia na kumpiga. Naye si malaika: mke ni mjamzito nyumbani, moyo umeshahamia kwa askari wa kike kazini. Bruce mwenyewe anatoka usiku wa kwanza, hana hata kinyago, anachomwa kisu cha paja na kitoto cha kike, polisi wanammalizia kwa risasi, anarudi nyumbani anavuja damu. Nilicheka, halafu nikampenda. Rangi za kitabu zimefifia kama shati lililofuliwa sana, na zinaufaa mji ule.

The Killing Joke ya 1988 ni nyembamba, hadithi haifiki kurasa hamsini, lakini ndiyo iliyoninyima usingizi. Mwandishi, Alan Moore, anatuonyesha Joker, adui mkubwa wa Batman, akiwa bado bwana mmoja aliyeacha kazi kiwanda cha kemikali ili awe mchekeshaji, na hachekeshi. Kodi inamsubiri, mke ana mimba. Anakubali kuwapitisha wezi kiwandani. Siku yenyewe anapewa habari kwamba mkewe amekufa, ajali ya kifaa cha kupashia chupa ya mtoto. Anataka kujitoa, wezi hawamwachii. Toleo langu ni lile ambalo mchoraji, Brian Bolland, alilipaka rangi upya mwaka 2008: kumbukumbu zote hazina rangi, isipokuwa kitu kimoja kimoja chekundu. Nikawa nageuza ukurasa nikitafuta wekundu kabla ya maneno.

Kisha Joker anakiri kwamba yaliyompata huyakumbuka mara hivi, mara vile. Yaani machozi yangu huenda yaliuzwa kwa uongo! Nikarudi mwanzo kusoma tena.

Kinachonikera ni Barbara, binti wa Gordon. Anafungua mlango, anapigwa risasi, anapooza, na kisa chote kinabaki kuwa cha baba yake na Batman. Yeye anaachwa hospitalini tu. Moore angeweza zaidi ya hapo.

Mdogo wangu wa kidato cha pili ameziomba zote. Year One nimempa. Hii nyingine iko juu ya kabati.