Breki ya mbele ya pikipiki: dramu au diski?

Dramu imejificha ndani ya kitovu cha gurudumu. Ukishika breki, waya huzungusha kipande cha chuma kinachotanua viatu viwili vya nusu duara hadi visugue ukuta wa ndani. Ina ujanja mmoja ninaoupenda: mzunguko wa gurudumu hukikokota kiatu kimoja na kukikandamiza zaidi, hivyo breki hujiongezea nguvu yenyewe, bila mafuta wala pampu. Vipuri vyake ni rahisi, na fundi wa kijiweni anaimudu.

Shida ni joto. Shuka na abiria kutoka Lushoto hadi Mombo ukiwa umeshika breki muda wote: dramu hutanuka na kujitenga na viatu, msuguano hupungua, na mkono wa breki unazidi kuingia ndani.

Diski iko nje, inapigwa na upepo. Mafuta husukuma pistoni, pedi zinaibana pande zote mbili. Maji ya mvua hurushwa nje mapema. Ila mafuta ya breki hunyonya unyevu. Mafuta mapya ya daraja la DOT 4 hayapaswi kuchemka chini ya nyuzi 230 za Selsiasi. Yakishanyonya maji, kiwango hicho kinaruhusu yashuke hadi kuchemka kwenye 155. Yakichemka, mvuke hubanika na breki inakuwa laini. Wengi huyasahau kabisa.

Kwa mbele nachagua diski, kwa sababu unapofunga breki uzito huhamia huko. Nyuma, dramu inatosha. Ndivyo baadhi ya bodaboda zilivyoundwa.