Walinipa upinde wa "kina dada" inchi 62, mikono yangu inataka 68

Nianze na hili ili mtu asije akasema nina chuki na biashara ya watu, upinde wenyewe, huu wa kupigia mishale, sio mbovu. Mbao imepigwa msasa ikalainika, mshikio unakaa vizuri mkononi, na kama una mikono mifupi au unamnunulia mtoto wa sekondari unaweza kuufurahia sana. Kinachoniuma mimi ni yule kaka aliyeniuzia, hapa hapa Arusha mjini, duka silitaji, na jinsi alivyokataa kunipima.

Yaani alikataa. Tepu ilikuwepo mezani, ile ya njano ya fundi cherehani, imeviringishwa pembeni ya kalkuleta yake, ni kunyoosha mkono tu. Nikamwambia kaka nipime basi kabla hujaniletea upinde. Akanijibu bila hata kuniangalia usoni, "Dada hamna haja ya kupima, kina dada wote wanachukua hii 62, ile 68 ni ya wanaume." Mi ni mtu ambaye nikipita sokoni Kilombero watu wanageuka kuniangalia urefu, shuleni kwenye netiboli nilikuwa nawekwa golini kwa sababu ya hii mikono, na yeye ananiambia kina dada wote! Nilivyosisitiza akamgeukia mwenzake akacheka, akasema huyu dada amesoma intaneti huyu. Nilikuwa na shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, namzidi kichwa kizima, huyo akapewa 68 bila swali lolote, "kaka chukua hii ya kiume." Tukalipa tukaondoka kwa sababu shemeji alikuwa anawahi gari la Moshi na mi sikutaka kugombana mbele za watu.

Sasa ngoja niwaambie alichopaswa kufanya, kazi ya dakika moja. Mtu anasimama wima, ananyoosha mikono pande zote mbili bila kujivuta, unapima kutoka ncha ya kidole cha kati cha mkono huu mpaka ncha ya kile cha mkono wa pili, unagawa kwa 2.5, hapo unapata makadirio ya umbali atakaovuta kamba. Mimi nimepimwa nyumbani, sentimita 185, ukigawa ni 74, inchi 29 hivi. Mtu wa 29 anaanzia upinde wa 68, na 70 pia unamfaa. Shemeji ni 165, inakuja 66, yaani inchi 26, huyo upinde wa 66 au hata 64 ungemtosha kabisa. Kwa hiyo jamaa alikosea kwa wote wawili, mteja mmoja kampa kifupi mwingine kampa kirefu, na amechukua hela zote. Ni kama fundi akate suti kwa kukuangalia tu halafu akuambie wanaume wote ni saizi hiyo.

Upinde mfupi kwa mtu wa mikono mirefu unaumiza, msidhani nadeka. Ukivuta mpaka mwisho kamba inajikunja pembe kali pale vidole viliposhika, kidole kimoja juu ya mshale viwili chini, na hiyo pembe inavibana vyote pamoja kwenye mkia wa mshale mpaka mshale wenyewe unapinda na kuanguka pale unapokalia. Nikiachia, kidole cha kati kina mfereji mwekundu na ganzi mpaka usiku, nikiosha vyombo nauhisi. Halafu ile inchi ya mwisho inakuwa nzito ghafla, sio uzito unaopanda taratibu, unagota. Upinde wangu umeandikwa paundi 30, yaani uzito wa kuvuta kamba, lakini hiyo namba inahesabiwa kamba ikivutwa inchi 28, ukipita hapo kila inchi inaongeza kama paundi mbili au zaidi, na kwa upinde mfupi ni hiyo zaidi. Na kamba haigusi pua, inatakiwa iguse kidevu na pua ili kila mshale uanzie sehemu ileile, mi nabaki nainamisha kichwa kuifuata.

Shemeji alivyokuja wikiendi moja nikajaribu wake hapa uani kwetu Usa River, tumejaza gunia nguo chakavu ndo shabaha. Jamani. Kamba ikaja yenyewe mpaka kidevuni, pua ikagusa, vidole havibanwi, mshale umetulia tuli. Nilitaka kulia. Nikamwambia shemeji tubadilishane basi, akakataa, eti ule mwingine ni wa kike, yule kaka si alisema. Mnaona sasa neno la muuzaji lilivyofanya? Na yeye mwenyewe kwenye inchi zake 26 hapati zile paundi 30 alizolipia, anapata kama 26, mishale yake inashuka kabla ya kufika, anasema ni upepo wa Moshi.

Halafu hayo mambo ya upinde wa kike na wa kiume ameyatoa wapi? Olimpiki wanawake na wanaume wote wanapiga mita 70, shabaha ileile ya sentimita 122. Wanawake wa Korea Kusini wamechukua dhahabu ya timu kila Olimpiki kuanzia 1988 mpaka Paris 2024, hawajawahi kuiachia. Hata hapa kwetu Wahadzabe wa Ziwa Eyasi mtu anajichongea upinde wake mwenyewe, haendi kupewa wa mtu mwingine.

Nilirudi dukani. Nikaeleza kwa upole kabisa, nikaonyesha kidole, nikasema sitaki hela nataka unibadilishie tu, nitaongeza kinachozidi. Akasema mali ikishatoka hairudi, na kwamba nitazoea, "vidole vitakomaa dada." Vidole vikomae! Aisee niliondoka natetemeka.

Nilisema mwanzoni upinde sio mbovu. Kwangu mimi ni mbovu, upinde usioniruhusu kuvuta mpaka mwisho nitauitaje mzuri, na nyota tatu nilizotaka kutoa nazifuta, natoa moja, na hiyo moja ni ya fundi aliyechonga mshikio, duka halipati kitu. Ila ukiwa unavuta inchi 24 hivi, kweli utaupenda, hilo silifuti.

Kwa hiyo nauuza. Inchi 62, paundi 30, kamba yake ipo, haujachubuka popote, upo Usa River, bei tutaelewana. Uwe mwanamke uwe mwanaume haijalishi, ila sikuuzii kabla sijakupima.