Bahari ya lita 300 juu ya mlima Isamilo: uzoefu wangu na kila niliyemlipa

Nianze na pesa, maana ndiyo swali la kila anayeingia sebuleni kwangu. Tenki la matumbawe la maji ya chumvi, hapa Mwanza, limenila zaidi ya milioni sita mpaka samaki wa kwanza anaingia, na kioo chenyewe hakikufika hata milioni. Watu wakisikia akwaria wanafikiria kioo. Kioo unalipia mara moja basi. Kitakachokudai kila wiki ni maji na umeme, na kwa sisi tulio zaidi ya kilomita elfu moja za lami kutoka Dar es Salaam, maji ndiyo mradi wenyewe.

Kazi ya kioo nilimpa fundi wa aluminiamu wa Nyakato, mtu ambaye riziki yake ni madirisha na kaunta za maduka ya simu. Nampa alama zote. Hakuwa amewahi kujenga tenki la maji chumvi, lakini kioo anakijua. Nilimpelekea mchoro: urefu sentimita 120, upana 50, kimo 50, kioo cha milimita 12, kingo zote zisagwe. Akauchungulia, akaniuliza, "Bosi, hili la sato au la mapambo?" Nikamwambia la baharini. Akacheka, akasema bahari ipo Dar, hapa tuna ziwa. Ila kazi aliipokea kwa heshima yake.

Mambo mawili nilimsisitizia, na yeyote atakayejengewa tenki ayasisitize. La kwanza ni silikoni: iwe ile ya kawaida inayonuka siki, isiyo na dawa ya kuzuia ukungu. Silikoni ya bafuni ina sumu ya kuua kuvu, na kinachoua kuvu hakitamwacha kamba salama. La pili, kioo kisibanwe hadi silikoni yote ikatokea nje. Katikati ya kioo na kioo ibaki kama milimita moja, maana hiyo ndiyo inayobeba mzigo. Alibandika masking tepu pande zote mbili za kona, akavuta silikoni kwa mkupuo mmoja bila kunyanyua mkono, akailainisha kwa kidole, kisha akang'oa tepu kabla haijaanza kukauka. Ule mstari mpaka leo nauangalia na kuufurahia. Matundu mawili ya nyuma aliyatoboa kwa drili ya duara yenye almasi, huku kijana wake akimwagia maji taratibu ili kioo kisipate moto. Tundu moja la kupitisha maji kwenda sampu (tenki dogo la chini linalokaa vifaa), la pili la akiba, likiziba la kwanza sebule isigeuke ziwa.

Tulilijaza kwanza nje ya karakana, likalala na maji hadi kesho yake. Halikutoa hata jasho. Kulipandisha Isamilo ndiyo ikawa shughuli nyingine, zile ngazi za mawe mnazijua. Uzuri wa huku ni kwamba nyumba imekaa juu ya jabali, kwa hiyo mzigo wa karibu nusu tani ukijumlisha maji, mawe na stendi haukunipa wasiwasi wa sakafu. Stendi ni ya skwea paipu, imechomelewa, ikapigwa rangi ya epoksi mara mbili. Rangi ya kawaida usikubali: maji ya chumvi hutambaa, hukauka, na chuma kikianza kupata kutu chini ya tenki huna pa kulihamishia.

Sasa maji. Maji yetu ya bomba yanatoka ziwani na kwa kweli ni mepesi. Kipimo cha madini kilisoma chini ya 100, kiasi ambacho mtu anayetumia kisima cha Dar anaweza kukuonea wivu. Hata hivyo huwezi kuyatia moja kwa moja. Kuna klorini, kuna fosfeti na silika zinazolisha mwani, na kama bomba lina viungo vya shaba, shaba kidogo tu inamaliza konokono na kamba wote. Hivyo nikanunua mashine ya RO, inayosukuma maji kupitia utando unaozuia madini, yenye chujio la mwisho la DI linalonasa masalia, ile inayotoa maji yanayosoma sifuri. Kifaa kizuri, nakipa nne kati ya tano. Moja nimeikata kwa sababu mbili: bomba la mlimani halina presha ya kuisukuma, ikabidi ninunue na pampu ndogo ya kuongeza nguvu, na tena kwa kila lita moja safi inamwaga tatu au zaidi. Hayo ya kumwaga nayapeleka kwenye simtanki, yanafulia na kumwagilia bustani. Mama watoto ndiye aliyelitaka hilo kabla hajaridhia mradi wote, na alikuwa na haki.

Chumvi ya mezani haifai, wala ya mawe ya sokoni. Bahari si chumvi ya kula peke yake. Ina magnesi, kalsiamu, potasiamu na vingine vingi kwa uwiano wake. Unanunua chumvi maalumu ya akwaria, unaichanganya kwa uzito: kwangu ni karibu gramu 36 kwa lita ya maji safi, mpaka rifraktometa, kile kipimo cha chumvi, isome 35 kwa elfu. Natumia Instant Ocean, inayeyuka vizuri na maji yanakuwa meupe kabla siku haijaisha. Kujaza mara ya kwanza, tenki na sampu, kulikula kilo 12 na ushee, kisha kila wiki nabadilisha asilimia kumi.

Hapo ndipo nilipoonja adha. Muuzaji wa kwanza, wa Dar, sitamtaja, alinitumia kwa basi mfuko uliokwisha funguliwa ukafungwa tena kwa selotepu. Ndani chumvi imeganda bonge moja. Chumvi ikishanyonya unyevu hivyo, baadhi ya madini yake huungana yenyewe na hayayeyuki tena sawasawa. Ukipima, alkaliniti (uwezo wa maji kujikinga yasigeuke asidi) unakuta iko chini. Kumpigia simu, anapokea, anasema "kaka nakurudia", harudi. Wa pili, naye wa Dar, anauza ndoo zilizofungwa kiwandani na anakutumia picha ya kifuniko kabla hajapakia. Huyo ndiye niliyebaki naye, ghali kidogo lakini nalala.

Kuna jambo linalowachekesha wageni: nimekaa katika jiji la mawe, dirishani naona majabali, halafu nimelipia kilo ishirini za mawe yaliyosafirishwa. Lakini itale ya Mwanza haina vitundu. Mawe ya tenki yanatakiwa yawe mepesi, yenye matundu kama mkate, kwa sababu humo ndimo bakteria wanaosafisha maji wanapoishi. Nilichukua mawe makavu, si yaliyong'olewa baharini. Na hapa niseme bila kuzunguka: asije mtu akakudanganya atakuletea matumbawe "fresh" ya Bongoyo au Mbudya. Visiwa vile ni hifadhi tangu 1975, na matumbawe magumu yamo kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, kuyahamisha nchi hadi nchi kunataka kibali. Vipande vyangu nimenunua kwa mfugaji wa Dar anayekata matumbawe laini ya kwenye tenki lake mwenyewe.

Kabla ya samaki, tenki linahitaji kuivishwa. Nilifunga dagaa wachache kwenye kitambaa, nikawatumbukiza waoze. Wanaooza wanatoa amonia, bakteria aina moja wanaigeuza kuwa naitraiti, wengine wanaigeuza naitreti. Amonia na naitraiti ni sumu, naitreti angalau inavumilika. Kwa kawaida huchukua wiki nne hadi sita, na hakuna njia ya mkato. Ukiona mtu anauza samaki siku ileile unayojaza maji, ondoka dukani kwake. Baada ya hapo mawe yakafunikwa na vumbi la kahawia, kisha nywele za kijani. Jirani akanifariji kwamba nimefuga gugu maji. Ni hatua ya kawaida, konokono wanalila lote polepole.

Skima ndiyo kifaa ninachokisifu kuliko vyote. Inapuliza viputo vidogo sana, uchafu unanasa kwenye viputo, unapanda na povu na kumwagika kwenye kikombe cha juu. Kwenye maji baridi ya ziwani haifanyi kazi hivi, ni kwa maji ya chumvi. Kila baada ya siku chache nakiondoa kikombe: uji wa rangi ya chai iliyokolea, harufu yake naiacha bila maelezo kwa sababu kuna watakaosoma wakiwa mezani. Kile chote kingebaki ndani ya maji.

Taa ni LED, nyingi buluu, kwa sababu ndani ya nyama ya tumbawe kuna vimwani vinavyoishi kwa mwanga, na hivyo ndivyo vinavyolilisha. Bei yake ilinichoma, karibu milioni moja, na hiyo ni taa moja. Imenifaa. Kitu kimoja hakijanipendeza: feni yake ina kelele usiku ukiwa umezima televisheni.

Kuhusu joto, Mwanza tumebarikiwa na wengi hatujui. Wenzetu wa Dar wanapambana kupoza maji, wananunua mashine za kupoozea zenye bei ya pikipiki. Ziwa liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, usiku huku kunapoa, kwa hiyo mimi nina hita ya wati 300 tu, inayoshika nyuzi 25 hadi 26, na Juni na Julai ndipo inapofanya kazi kweli. Upande wa pili wa mwinuko huo ni kwamba hewa ya huku inaingiza oksijeni pungufu kidogo kwenye maji kuliko ya pwani, kwa hiyo nimeelekeza pampu mbili za mawimbi zivuruge uso wa maji muda wote.

Umeme ni uniti nne hivi kwa siku, sawa na elfu arobaini na kitu kwa mwezi kwenye luku. Unapokatika, taa isikutie hofu, matumbawe yanaweza kukaa siku gizani. Joto nalo halishuki ghafla, lita mia tatu zinashikilia. Kinachoua haraka ni maji kusimama na oksijeni kuisha. Ndiyo maana nilichagua pampu ya Jebao ya umeme wa DC volti 24, nikaiunganisha na betri mbili za volti 12 zilizofuatana. Umeme ukikatika, pampu inaendelea kama hakuna kilichotokea. Kama bajeti yako ni ndogo, punguza kwenye taa, usipunguze hapa.

Wakazi kwa sasa: samaki wawili aina ya klauni, kamba mmoja msafishaji anayewapanda samaki wenyewe kuwatoa vidudu, konokono, na matumbawe laini: ya ngozi, ya uyoga, na zoa, wale wadogo wanaokaa kwa makundi juu ya jiwe. Mtoto wa dada yangu alitaka samaki aitwaye kangaja. Nikakataa, anakua, anaogelea sana, tenki langu kwake ni chumba cha kupanga. Zoa ni wazuri kama maua lakini baadhi wana palitoksini, sumu kali kabisa. Vaa glavu na miwani ukiwagusa, na jiwe lenye zoa lisichemshwe jikoni kwa sababu yoyote ile. Mvuke wake umewahi kuwalaza watu hospitali nchi za nje. Klauni nilisafirishiwa kwa ndege kwenye mifuko yenye oksijeni, ndani ya boksi jeupe la povu lililoandikwa ubavuni habari za minofu ya sangara. Walifika wazima, na mtu wa mizigo uwanjani akasema hajawahi kuona samaki wakiletwa Mwanza.

Shangazi alipotoka Magu kuja kutusalimia alisimama mbele ya kioo muda mrefu, akauliza hawa tunawala lini.

Je, nakushauri ufanye? Kama unachotaka ni kioo chenye uhai sebuleni, hapana. Weka furu, wale samaki wadogo wa Ziwa Victoria. Wapo hapahapa, maji yao ni ya bomba baada ya kuondoa klorini, madume wana nyekundu na buluu ambazo wazungu wanazifuga majumbani kwao kwa fahari, na aina nyingi zimepungua au kupotea ziwani baada ya sangara kuletwa miaka ya 1950 na 60. Fundi yuleyule wa Nyakato atakujengea, na sehemu ndogo tu ya pesa yangu itakutosha. Matumbawe ni ya mtu anayefurahia kupima. Mimi napima kalsiamu, iwe kati ya miligramu 400 na 450 kwa lita, na alkaliniti iwe nane au tisa kwa kipimo cha dKH, kwa daftari, kila Jumamosi. Matumbawe laini hayatumii nyingi, maji mapya ya kila wiki yanarudisha. Nikiweka magumu, yanayojenga mifupa, hesabu itabadilika na nitahitaji pampu ya kudondoshea madini kila siku. Nimeshaomba bei kwa yule muuzaji wa pili. Laki tatu na nusu, pamoja na nauli ya basi.