Dawa ya vijiwe vya figo "iliyopimwa maabara" kutoka duka moja la Lamu

Baada ya altrasaundi kuonyesha kijiwe cha milimita 4 katika figo langu la kulia, nilinunua chupa ya nusu lita ya dawa ya mitishamba, kwa shilingi 800, katika duka moja la dawa za kisunna mtaani Langoni. Kilichonivuta ni maandishi ya lebo: "Imepimwa maabara."

Mzee wa duka, anayemwita kila mteja "mwanangu", hakukasirika nilipomwomba cheti. Alikiteremsha ukutani akaniachia nikisome nitakavyo, na kwa hilo namsifu. Kilieleza kuwa bakteria, kuvu, risasi na zebaki havikuzidi kiwango kinachoruhusiwa. Si jambo dogo hilo, kwani mwanzoni mwa miaka ya 1990 huko Ubelgiji, wanawake waliomeza vidonge vya mitishamba vya kupunguza unene waliharibika figo kwa sababu mmea wenye sumu uliingizwa mahali pa mwingine. Lakini kuhusu vijiwe, cheti hakikuwa na hata mstari mmoja.

Nilipouliza juu ya hilo, mzee alimimina dawa katika gilasi na kudondosha punje nyeupe, nayo ikatoa mapovu, wateja wawili wakasema mashallah. Nyumbani niliokota kipande cha tumbawe kilichobanduka ukutani, nikakitia katika maji ya ndimu, nikaona mapovu yale yale. Tumbawe ni kalsiamu kaboneti, ambayo hata ndimu huila. Vijiwe vingi vya figo ni kalsiamu oksaleti, ambayo haiyeyushwi na ndimu wala siki.

Kipimo kinachohusika hasa hufanywa kwa kuchanganya kalsiamu na oksaleti katika mkojo wa kutengenezwa, wenye joto la nyuzi 37, kisha kupima kwa mwanga jinsi unavyotibuka fuwele (chembe ngumu ambazo kijiwe huanzia) zinapojijenga, mara moja ukiwa na dawa na mara moja bila dawa. Mmea wa Phyllanthus niruri umepimwa kwa njia za namna hii na kuonekana kuzuia fuwele. Hata hivyo, gilasi haina tumbo wala ini. Dawa iliyonywewa hupita kote huko kabla ya kufika kwenye mkojo, ikiwa itafika.

Kijiwe changu kilitoka siku ya kumi na moja, kwa maumivu nisiyoyatamani kwa adui. Siwezi kuipa chupa sifa hiyo, kwa kuwa nilikuwa nikinywa lita tatu za maji kila siku, na vijiwe vya chini ya milimita 5 mara nyingi hutoka vyenyewe.

Jambo lililobaki ni namba ya toleo: iliyo kwenye cheti sio iliyo kwenye chupa yangu. Mzee aliniahidi cheti kipya kabla ya Ijumaa. Nilipopita Jumamosi, kile cha zamani kilikuwa kimerudishwa ukutani, na kioo chake kimepanguswa vizuri.