Intaneti ya nyumbani Matondoni: rauta ya 4G au dishi?

Ukiuliza mjini Amu (Lamu) ni intaneti gani inayofika kijijini kwetu Matondoni, muuzaji atakufungulia ramani kwenye simu akuonyeshe kisiwa chote kimepakwa rangi. Ramani hiyo inaweza kuwa kweli kwa mtu aliyesimama uwanjani. Mimi nakaa ndani ya kuta nene za mawe ya matumbawe, na kazi yangu ni kushona kofia za vito, zile za vitundu vya kushonwa. Mteja wa Maskati ataka kuiona kofia kwa video, tundu kwa tundu, ndipo atume pesa. Binti yangu naye asoma chuo kwa mtandao.

Waya wa faiba haufiki kwetu. Kumebaki laini ya simu au setilaiti.

Nilianza na laini. Kabla ya kununua rauta, kile kifaa kinachogeuza laini ya simu kuwa Wi-Fi ya nyumba, niliazima kadi za simu za kampuni mbili, nikazunguka nazo nyumba nzima. Ya kwanza ilishika vizuri barazani, lakini chumba cha ndani ikabaki kijiti kimoja cha mtandao. Ya pili ilikuwa na vijiti vichache, ila video zilifunguka upesi zaidi. Basi vijiti si kasi. Na pima baada ya Isha, usipime asubuhi tu: mnara mmoja hugawanwa na watu wote walioushika, na usiku kila kijana yuko kwenye mpira. Hapo ile kasi ya asubuhi ya megabiti 18 kwa sekunde ilishuka hadi 2. Rauta ilipopandishwa juu, kwenye dirisha linaloelekea mnarani, mambo yalinyooka kiasi. Kwa kofia yatosha. Kwa mtihani wa chuo, roho mkononi.

Jirani ana dishi la Starlink, intaneti ya setilaiti, akakubali tulijaribu uani kwangu. Huduma hiyo iliingia Kenya Julai 2023, kifaa kikiuzwa shilingi 89,000, bei iliyotufanya tucheke. Mwaka uliofuata kikaja kifurushi cha GB 50 kwa shilingi 1,300 kwa mwezi, hapo kicheko kikakoma. Setilaiti zake ziko kama kilomita 480 hadi 550 juu, ilhali zile za madishi ya runinga ziko karibu kilomita 36,000. Ndiyo sababu mazungumzo ya video hayana ule ukimya wa kusubiriana.

Shida yetu ni minazi. Dishi lataka anga wazi, na programu yake hukuambia uzungushe kamera ya simu juu, kisha ikuonyeshe palipozibwa. Paa la makuti halishiki skrubu, kwa hiyo fundi alisimika boriti ya mkoko uani, akalifunga kileleni. Kusi ikivuma, kuti hupita mbele na picha hukatika kidogo. Kuukata mnazi mamangu hataki hata kusikia, na sitamuuliza tena.

Kwa binti yangu dishi limeshinda, ila sisi twatumia sola. Dishi la kawaida hula wati 50 hadi 100 kutegemea toleo, rauta ya 4G kama wati 10 tu. Betri ya 12V yenye Ah 100 (ampea-saa, kipimo cha chaji inayobeba), ukiitumia nusu ili isife mapema, hulibeba dishi kwa muda wa saa sita mpaka kumi na mbili. Lile dogo, Mini, hula wati 25 hadi 40. Hilo ndilo ninalowekea pesa sasa. Rauta itabaki dirishani kwa ajili ya kofia.